Bi Nani na Ujumbe wa Jana

Wanafunzi walimwita Bi Nani, na walimwita hivyo mbele yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuogopwa. Mwoga alikuwa yeye. Aliogopa mbwa, hata waliofungwa minyororo. Aliogopa radi, ngazi zisizo na mahali pa kushika, na simu inayolia alfajiri. Walimu wenzake tulikuwa tukimtania kwamba siku mkaguzi akija na mbwa, Bi Nani atastaafu papo hapo. Naye alicheka pamoja nasi, kisha akaomba tufunge dirisha, maana upepo ulikuwa ukibamiza mlango na kila ukibamiza yeye anaruka.

Mimi nilifundisha hesabu katika chumba kinachopakana na chake. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, tena mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikiliza masomo yake nipende nisipende. Ndiyo maana najua jina lile lilitoka wapi.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kila alipoingia darasani alikuwa na kitu cha kusoma: kipande cha gazeti, tangazo la sabuni, kikaratasi cha mganga alichookota ukutani, wakati mwingine kitabu chenyewe cha kiada. Atakisoma kwa sauti, kisha atauliza, "Nani kasema?" Wakishajibu, atauliza, "Kajuaje?" Halafu, "Anataka mimi nifanye nini?" Basi. Hapo darasa linawaka moto mpaka kengele.

Alikuwa na ugomvi wake na kauli ya kutendwa. Wengine tulifundishwa kauli hiyo kama mambo ya mtihani tu: piga, pigwa, soma, somwa. Yeye aliandika ubaoni "Mtoto amepigwa," akaizungushia duara ile w, akawaambia, "Aliyepiga kajificha humu. Mtoeni." Watoto walipenda sana kuwatoa watu ndani ya w. Ilifika mahali hata mimi nikisema kwenye hesabu, "Imekubaliwa kwamba pembe hizi mbili ni sawa," sauti inatoka nyuma: "Imekubaliwa na nani, mwalimu?"

Siku moja nilimuuliza alikopata mambo hayo. Akaniambia kwa mkato, huku akisahihisha madaftari. Baba yake alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Kwake yeye kilichopigwa chapa hakiwezi kuwa uongo, maana nani atapoteza wino wake? Akasoma mahali kwamba kuna dawa ya chupa ambayo imethibitishwa kumaliza shinikizo la damu. Akaacha vidonge vya hospitali, akashika chupa. Kiharusi kilimpiga akiwa anavaa viatu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, upande mmoja wa mwili umelala, na bintiye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko.

"Imethibitishwa," akasema Bi Nani, akapiga mstari mwekundu chini ya neno la mwanafunzi fulani.

Sasa, siku yenyewe. Wiki ile Bi Nani alikuwa mwalimu wa zamu, na mwalimu mkuu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kwenye mkutano wa wakuu wa shule. Tulikuwa tunakunywa chai chumba cha walimu simu ya Bi Nani ilipotoa mlio. Nilimwona akisoma. Kikombe alikiweka mezani kwa uangalifu, kama kimejaa hadi juu, na kumbe kilikuwa kitupu.

"Mdogo wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "soma hii."

Ujumbe ulitoka kwa dada yake. Ulisema: "Tahadhari. Jana watoto watatu wamechukuliwa katika shule ya jirani na watu wenye gari la kijivu. Imethibitishwa kuwa wanauzwa. Polisi wameambiwa wanyamaze. Mchukue mwanao mapema. Kama unampenda mtoto wako usikae na ujumbe huu, wapelekee wote." Chini yake dada mtu alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Dada, umeona? Nenda kamchukue mtoto."

Bi Nani alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyempata ukubwani baada ya watu kukata tamaa kwa niaba yake. Alisoma shule ya msingi upande wa pili wa mji. Bi Nani akampigia mwalimu wa mtoto. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika tena.

"Nenda," nikamwambia. "Nitakushikia zamu."

Alisimama, akachukua mkoba. Akafika mlangoni. Uwanjani wasichana wa kidato cha pili walikuwa wamekumbatiana wakilia, wengine wakikimbilia uzioni, ambako mama mmoja alikuwa akimwita bintiye kwa sauti iliyopasuka. Habari ilikuwa imefika kabla ya kengele. Bi Nani alishika mwimo wa mlango, akawatazama. Baadaye aliniambia kwamba miguu ilikuwa imekwisha kuamua kwenda kwa mwanawe, na kichwa nacho kilikuwa kikiiuliza miguu: nani kasema? Lakini kichwa hakikuwa na nguvu. Kilichomzuia, alisema, ni aibu tu. Angewezaje kuwakimbia wale, akimkimbilia wake?

Akagonga kengele mwenyewe na kuwaingiza darasani.

Nilimsikia kupitia ukuta. Hakufundisha alichokuwa amepanga. Aliuandika ule ujumbe ubaoni wote, na chaki ilivunjika mara mbili mkononi mwake.

"Haya," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tusome."

Kisha msichana mmoja, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, msichana mwenye mdomo usiopumzika, akasema, "Wamechukuliwa na watu wenye gari la kijivu. Hapo aliyechukua katajwa, mwalimu. W haijamficha."

"Katajwa vipi?"

"Kwa gari."

"Magari ya kijivu ni mengi," mvulana akasema. "Hata la mwalimu mkuu ni la kijivu."

Kicheko kidogo kikapita, cha watu wanaocheka huku wanatazama dirishani.

"Shule ya jirani," akaendelea yule binti. "Jirani na nani? Mimi nikimpelekea shangazi yangu mji mwingine, na yeye atadhani ni jirani yake."

"Imethibitishwa," wakasema wengi kwa pamoja, na wakanyamaza wakisubiri mwalimu aulize. Hakuuliza. Nafikiri alikuwa akitazama simu.

Mwishowe yule binti akauliza lile ambalo mimi pia nililitaka. "Kwa hiyo ni uongo, mwalimu?"

"Sijui," Bi Nani akasema. "Aliyeandika hajatuonyesha kwamba anajua. Hilo tu ndilo tulilolipata. Linaweza kuwa kweli."

Nilijua hawakulipenda jibu hilo. Hata mimi sikulipenda. Mtu akiwa na hofu anataka aambiwe ndiyo au hapana.

Ni hapo gari la kijivu lilipoingia getini.

Bawabu alilifungulia kwa sababu aliyekuwa ndani alisema ameitwa na mwalimu mkuu. Akashuka mwanamume mfupi, mwenye miwani na koti lililomzidi mabega, akaanza kutoa mizigo nyuma ya gari. Mimi na Bi Nani tulitoka madarasani kwa wakati mmoja. Nilimwona akisimama, kisha akijilazimisha kutembea, kila hatua kama anakanyaga kitu kilicholala.

"Shikamoo, mwalimu," mtu yule akasema, ingawa umri wao ulikuwa mmoja. "Mimi mpiga picha. Nimekuja kupiga picha za madarasa. Naomba kiti na ukuta, basi."

"Nani kakuita?"

"Mwalimu mkuu. Tulikubaliana wiki hii."

"Hakutuambia."

"Mpigie, dada."

Alimpigia. Simu ya mwalimu mkuu ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa mtu akiwa mkutanoni. Bi Nani alitazama ndani ya gari. Kulikuwa na vyuma vya kusimamishia kamera, taa, na kitambaa cheusi kikubwa kilichokunjwa, kinachotosha kufunika watu kadhaa.

"Hiki cha nini?"

"Cha kuweka nyuma yao wakati wa picha," akajibu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kushangaa. "Kwani kuna nini?"

Hakuwahi kujibiwa. Wazazi waliokuwa uzioni walikuwa wamekwisha kuliona gari, na sasa walikuwa wameona kitambaa. Mtu akapiga ukelele. Nimesikia kelele nyingi za watu maishani, za mpirani na za misibani, lakini ile ilikuwa ya namna nyingine. Ilianza kwa mmoja na ikapokewa na mtaa mzima. Bawabu alijaribu kufunga geti, likamrudia kifuani.

"Ndani," Bi Nani akamwambia mpiga picha. "Kimbia."

Tulikimbia naye kupitia chumba cha walimu hadi stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma. Akaingia. Bi Nani akamfungia kwa nje na kutia ufunguo mfukoni mwa gauni. Nilimsikia mtu yule akigonga kutoka ndani na kuuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini anafungiwa. Mimi nilisukuma meza kubwa mlangoni pa chumba cha walimu, nikapiga simu polisi, nikairudia meza na kuisukuma tena ingawa ilikuwa imekwisha kufika.

"Ondoa meza," Bi Nani akasema.

"Una wazimu, dada?"

"Watoto wako nje huko na wale watu. Ondoa."

Niliivuta meza. Akatoka hadi ngazi za mbele, akasimama ngazi ya juu kabisa, nami nyuma yake.

Walikuwa wengi, na kilichotisha zaidi ni kwamba tuliwajua. Mbele alikuwepo mwenye bucha, aproni yake bado kiunoni. Alikuwepo fundi cherehani, mama wa yule binti, na mkasi ulikuwa mkononi. Sidhani kama alijua kwamba ameushika. Alikuwepo baba mmoja aliyekuwa akitusaidia kupaka shule rangi kila likizo. Nyuma yao wengine walikuwa wanalipindua gari, na vioo vilisikika vikipasuka kimoja baada ya kingine.

"Tupe huyo mtu," mwenye bucha akasema. Hakupaza sauti.

Bi Nani akashika mfuko wa gauni.

"Yuko ndani. Nimemfungia, ufunguo ninao. Kama ni mwizi, hatoki. Kama si mwizi, hafi. Polisi wakija nitawapa wao."

"Polisi wameambiwa wanyamaze!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na nani?"

Swali hilo halikutoka kwa Bi Nani. Lilitoka dirishani, darasa la kidato cha pili, na aliyeuliza alikuwa binti wa fundi cherehani, nusu ya mwili wake iko nje. Mama yake akamwambia aingie ndani. Hakuingia.

"Mama, ujumbe ulikufikia lini?"

"Leo asubuhi. Ingia ndani nimekwambia."

"Na wenyewe unasema jana. Baba wa bucha, wewe uliupata lini?"

Mwenye bucha alikunja uso. Alikuwa mtu wa kweli, na nafikiri ukweli ndio uliomponza mbele ya wenzake. "Juzi," akasema. "Kaka yangu alinitumia."

"Huo wako unasemaje?"

"Jana watoto watatu..."

"Kaka yako anakaa wapi?"

Akataja mji ulio mbali, wa safari ya kutwa nzima kwa basi. Watu wa mbele walitazamana. Mama mmoja akatoa simu yake na kuanza kusoma, midomo ikitembea. Nikadhani tumepona. Nilishaanza kushusha pumzi, jiwe likatoka nyuma, kwa watu ambao hawakusikia neno lolote kati ya hayo, likampiga Bi Nani juu ya nyusi.

Hakuanguka. Alishika nguzo, na damu ikamwingia jichoni. Umati ukapiga hatua moja mbele, wote kwa pamoja, na mwenye bucha naye akasukumwa nao.

"Mdogo wangu," akaniambia bila kugeuka, "watoe watoto. Darasa moja moja. Waite wazazi kwa majina yao."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tafadhali."

Nilidhani jiwe limemvuruga akili, lakini nilitii, kwa kuwa sikuwa na akili bora ya kwangu. Nilifungua mlango wa kidato cha kwanza, nikamshika mtoto wa kwanza mkono na kuita mama yake kwa jina la mtoto, kama tunavyoitana mitaani. Sauti ikajibu kutoka katikati ya kundi, sauti ya mama wa kawaida kabisa: "Nipo hapa." Akapita katikati ya wanaume, akamchukua mwanawe, akaondoka. Nikaita mwingine. Walimu wenzangu wakaona, wakafungua milango yao. Ilikuwa kama kufumua sweta. Mtu aliyemshika mwanawe mkono hana mkono wa kurushia jiwe, na tena anataka kufika nyumbani. Fundi cherehani aliitwa, akamkamata bintiye sikio, akaondoka naye huku akimgombeza, na mkasi akautia kwenye mfuko wa aproni.

Walibaki wanaume kadhaa ambao hawakuwa na mtoto wa kumchukua. Hao ndio walionitisha zaidi. Walizunguka hadi nyuma, wakavunja dirisha la chumba cha walimu, wakaingia na kuupiga mateke mlango wa chuma. Bi Nani alikwenda akasimama mbele ya mlango ule, ngumi imeufumbata ufunguo mfukoni, macho ameyafumba. Hakusema kitu chochote cha kukumbukwa. Alikuwa akisema, "Tafadhali. Tafadhali. Tafadhali," kwa sauti ya mtu aliyelala. Mwenye bucha aliyekuwa amerudi, bila mtoto maana wake alikuwa amekwisha kwenda na mama yake, alisimama karibu naye. Sijui alirudi kwa nia gani. Alisimama tu, mtu mpana, wala hakuondoka mpaka king'ora cha polisi kiliposikika.

Stoo ilipofunguliwa, mpiga picha alikuwa amekaa chini kati ya marundo ya vitabu, suruali imelowa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alipopatikana alithibitisha kwamba alimwita kweli, akasahau kutuambia. Gari lilikuwa limelala juu ya paa lake. Yule bwana aliokota kipande cha kamera, akakitazama, akakiweka chini tena mahali pale pale.

Mimi na Bi Nani tulikwenda kwa miguu hadi shule ya mwanawe, kitambaa amekibana kwenye nyusi. Hakukubali kupitia hospitali kwanza. Njiani alikuwa akiongeza mwendo mpaka mwisho tulikuwa tunakimbia, watu wazima wawili, mmoja ana damu gaunini. Geti la shule ile lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ndani, uwanja ulikuwa mtupu. Alishika nondo za geti na kuita jina la mtoto, na sauti aliyoitoa ilinikumbusha ule ukelele wa uzioni.

Mtoto alitokea upande wa vyoo akiwa na mwalimu wake. Simu ya mwalimu ilikuwa inachajiwa ofisini tangu asubuhi.

"Umechelewa, mama," mtoto akasema. "Wote wameshachukuliwa."

Bi Nani akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akalia mpaka mtoto akaogopa.

Upande mwingine wa mji, siku hiyohiyo, mwanamke muuza mifagio aliyesimama kumpa mtoto maji ya kunywa alikamatwa na watu na kupigwa. Alifikishwa hospitali, lakini hakupona. Polisi walipita shule zote. Hakuna mtoto aliyekosekana. Na ujumbe uliendelea kuzunguka wiki nzima baadaye, ukisema jana.

Bi Nani alishonwa nyuzi kadhaa, akarudi kazini. Kwa muda mrefu alipita njia ya mbali ili asipite buchani, na geti lilipofunguliwa kwa nguvu alishika ukuta. Wako wazazi waliosema alikuwa na lake jambo na yule mtu, ndiyo maana akamficha. Mmoja alimhamisha mtoto wake. Bi Nani alitaka kuomba uhamisho, akaandika barua, akaichana.

Siku moja, tukiwa wawili tu chumba cha walimu, nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinikereketa. Wakati anamfungia yule bwana, alikuwa amejua kwamba ujumbe ni uongo?

Alishangaa kuulizwa. "Ningejuaje?"

"Sasa kwa nini ulisimama mlangoni?"

"Mimi nilimfungia kwa sababu mbili," akasema. "Wasimuue. Na kama ni yeye kweli, asitoke." Akageuza kikombe chake mezani. "Nilikuwa nimesimama pale nikifikiri labda huyu ninayemkinga ndiye aliyemchukua mwanangu. Nilifikiri hivyo muda wote. Sikujua, mdogo wangu. Mpaka nilipomwona anatoka vyooni, sikujua."

Kengele ikalia. Akakusanya vitabu vyake, akapitisha kidole kwenye kovu kama anavyofanya mpaka leo, akaenda darasani. Kupitia ukuta nilimsikia akisoma tangazo la dawa ya meno, na watoto wakianza kuuliza.